Mshipa mmoja wa pontaji umeziba: kosa ni la nani, na iliyobaki tuilinde vipi?

Mama mmoja wa Nguba, hapa Bukavu, ameniandikia hivi kuhusu pontaji, yaani operesheni ya kupachika mishipa mipya moyoni:

«Muganga, papa yangu ana miaka 64, alikuwa mwalimu. Mwaka jana alipasuliwa moyo India, wakampachika mishipa mitatu: mmoja wa kifuani na miwili ya mguuni. Alirudi vizuri, akapata nguvu. Sasa imepita miezi 14, na siku hizi akipanda Kadutu anachoka, inabidi asimame njiani. Tulimpeleka Kigali, skaneri ikaonyesha mshipa mmoja wa mguuni, ule wa upande wa kulia wa moyo, umeziba kabisa. Miwili mingine iko wazi. Kaka zangu wanasema mganga wa India alishona vibaya. Mama anasema ni sigara, maana papa amezirudilia, hata kama ni mbili tatu kwa siku. Dawa ya kolesteroli tuliacha kununua kwa sababu kipimo kilikuwa kimeshakuwa kizuri. Aspirini anameza, ila magoti yakimuuma anameza na diclofenac. Ninaomba unieleze: ni nini hasa kinazibisha mshipa uliopachikwa? Hii miwili nayo itaziba? Arudi akapasuliwe tena?»

Mama, umeandika mambo yote ambayo mganga angetaka kuyajua, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Naanza na lile linalowagombanisha nyumbani. Hakuna mtu anayeweza kuangalia skaneri hiyo akasema kwa uhakika kwamba mshipa huu uliziba kwa sababu ya fulani. Kuziba kwa vena ya mguu, yaani ule mshipa uliotolewa mguuni, ndani ya mwaka wa kwanza au mwaka na nusu ni jambo la kawaida kuliko familia nyingi zinavyoambiwa kabla ya operesheni. Mwaka 2005 ulitolewa utafiti mkubwa wa Marekani uliosajili wagonjwa 3,014 wa pontaji. Kati ya wale waliopigwa picha ya mishipa kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 18, karibu nusu walikutwa na angalau vena moja iliyokuwa imeziba kabisa au imebanwa kwa 75% na zaidi. Hao walipasuliwa na mabingwa, katika hospitali zisizokosa kitu. Kwa hiyo kaka zako wasimhukumu yule mpasuaji kwa sababu ya skaneri peke yake. Na mama yako naye asimwambie papa kwamba amejiua mwenyewe.

Hata hivyo sababu zipo, zinajulikana, na baadhi yake ziko mikononi mwenu tangu leo. Ndiyo maana naona afadhali kuzieleza kwa mpangilio wa wakati, maana kinachoziba mshipa wiki ya kwanza si kile kinachouziba mwaka wa tano.

Kwanza uelewe tofauti ya mishipa yenyewe. Ile vena waliyoitoa mguuni inapita chini ya ngozi kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kinena. Kazi yake ni kurudisha damu moyoni, polepole. Mtu akiwa amelala, shinikizo ndani yake ni kama milimita 10 za zebaki tu, tena bila mapigo. Siku ya operesheni inatolewa huko, inashonwa upande mmoja kwenye ateri kuu, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, na upande wa pili kwenye ateri ndogo ya moyo, na tangu saa hiyo inapigwa na shinikizo la 120 au zaidi, mara 100,000 hivi kwa siku. Ukuta wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Unajitetea kwa kunenepa, na kule kunenepa ndiko mwanzo wa shida nyingi.

Mshipa wa kifuani ni kitu kingine kabisa. Huo ni ateri tangu kuzaliwa, umezoea shinikizo. Kwa kawaida mpasuaji haukati pande zote mbili: anauachia mzizi wake juu karibu na bega, anaushusha ncha yake tu na kuishona kwenye ateri ya mbele ya moyo. Utando wake wa ndani unatoa kwa wingi kemikali zinazoulegeza na kuzuia damu isigande, na mafuta hayauingii kirahisi. Katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani walifuata wagonjwa kwa miaka 10, matokeo yakatolewa mwaka 2004: ateri za kifuani 85% zilikuwa bado wazi, vena za mguu 61%. Daktari René Favaloro, Mwargentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, alianza kutumia vena ya mguu mwaka 1967, na vena hiyo imeokoa watu wengi sana tangu hapo. Lakini haijawahi kulingana na ateri ya kifuani kwa kudumu.

Sasa utauliza, mbona hawakutumia ateri kwa mishipa yote mitatu? Wakati mwingine wanatumia. Kuna ateri ya mkononi, ile ambayo muuguzi anaishika akihesabu mapigo, nayo hudumu kuliko vena. Lakini ateri zina masharti yake, na hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mshipa uliopachikwa unaishi kwa kupitisha damu. Kama ile ateri ya zamani haijabana sana, tuseme imebana nusu tu, damu itaendelea kupita kwenye njia yake ya zamani, na mshipa mpya utabaki na damu kidogo sana ndani yake. Ni kama barabara ya kando iliyochongwa wakati barabara kuu bado inapitika: watu hawaipiti, majani yanaota, mwishoni inafungika. Ateri ndizo zinazoumia zaidi kwa hali hii, zinajikunja hadi zinabaki nyembamba kama uzi. Kwa hiyo ateri ya mkononi hupendekezwa pale ambapo ateri ya moyo imebana kwa zaidi ya 70%, na upande wa kulia wengi wanataka 90% kabisa. Ikiwa upande wa kulia wa moyo wa papa ulikuwa umebana kwa kiasi tu, kuchagua vena hapo kulikuwa uamuzi wa busara. Na tena inawezekana kwamba vena hiyo imeziba kwa sababu hiyo hiyo: njia ya zamani bado inatosha. Kama ni hivyo, kuziba kwake hakujamnyima moyo damu nyingi.

Niingie chumba cha operesheni, maana huko ndiko mwezi wa kwanza unakoamuliwa.

Vena ina vali ndani, vimilango vidogo vinavyoruhusu damu iende upande mmoja tu. Kwa hiyo mpasuaji anaigeuza, ncha ya chini inakuwa ya juu, la sivyo vali zenyewe zingeizuia damu. Matawi yake madogo yanafungwa moja moja. Kisha inajazwa maji kwa bomba la sindano ili kuona kama inavuja. Hapo, mkono ukisukuma kwa nguvu kupita kiasi, ule utando laini wa ndani unachanika, na macho hayaoni. Damu ikianza kupita, chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoigandisha, zinang'ang'ania pale palipochanika, bonge linajengeka. Siku hizi kuna wapasuaji wanaoitoa vena pamoja na mafuta yanayoizunguka, bila kuivuta wala kuijaza kwa nguvu. Njia hiyo ilikuzwa Örebro, Uswidi, na katika baadhi ya tafiti vena zilizotolewa hivyo zimeonekana kudumu zaidi, ingawa kidonda cha mguu kinachelewa kidogo kupona.

Halafu kuna urefu. Vena ikiachwa ndefu inajipinda, ikiwa fupi inavutika moyo unapojaa. Na kuna ule mshono wenyewe: ateri ya moyo yenye upana wa milimita moja na nusu au mbili, uzi mwembamba kama unywele, na mpasuaji amevaa miwani ya kukuza. Upana wa ateri inayopokea ndio jambo ninaloliona zito kuliko yote katika hatua hii, na halitegemei mkono wa mtu. Katika ule utafiti wa wanajeshi wastaafu, vena zilizoshonwa kwenye ateri yenye upana wa zaidi ya milimita 2 zilikuwa wazi kwa 88% baada ya miaka 10. Zilizoshonwa kwenye ateri nyembamba kuliko hapo, 55%. Vena iliyoshonwa kwenye ateri ya mbele ilidumu kuliko zilizoshonwa upande wa kulia au wa kando. Ateri nyembamba, au iliyojaa mafuta hadi kwenye matawi yake ya mwisho, haina pa kupeleka damu. Mabomba yote mazuri duniani hayafai kitu kama mwisho wake umefungika. Wenye kisukari na wanawake wengi wana ateri za namna hiyo, ndiyo maana mishipa yao huziba zaidi hata wakipasuliwa na bingwa.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mganga wa India, someni ripoti yake ya operesheni. Mmepewa karatasi nyingi, ile ya siku ya kutoka hospitalini na ile ya operesheni ni mbili tofauti. Kama hamna ya operesheni, mwandikieni mpasuaji kwa barua pepe mkaiombe, ni haki ya mgonjwa. Tafuteni mambo matatu. Upana na hali ya ateri ya upande wa kulia: wameandika ni nyembamba, imejaa chokaa, au ni nzuri? Ilikuwa imebana kwa asilimia ngapi kabla ya operesheni? Na je, walipima mtiririko wa damu kwenye kila mshipa kabla ya kufunga kifua? Kipimo hicho kinafanywa kwa kifaa kidogo kinachokumbatia mshipa. Mtiririko chini ya mililita 20 kwa dakika huwafanya wapasuaji waukague tena mshono. Ripoti hiyo itawaambia mengi kuliko ugomvi wa mwezi mzima.

Baada ya mwezi wa kwanza, hadi kufikia mwaka, sababu inabadilika. Hapo si damu kuganda tena, ni ule ukuta wa vena unaonenepa. Seli za misuli zinahama kutoka katikati ya ukuta, zinakuja ndani, zinaongezeka, na nafasi ya damu inapungua. Karibu kila vena inafanya hivyo kidogo. Nyingine zinapitiliza. Moshi wa sigara unauchochea, sukari iliyopanda inauchochea, na tansio isiyotulia vilevile. Baada ya mwaka, juu ya ule unene, mafuta yanaanza kujipanga: kolesteroli inaingia, utando unakuwa laini wa kumeguka, siku moja unameguka na bonge la damu linamaliza kazi. Ateri ya moyo inahitaji miaka 20 au 30 kufikia hali ambayo vena iliyopachikwa inaifikia ndani ya miaka michache.

Skaneri ya mwezi wa 14 haiwezi kusema ni hatua ipi iliyouziba mshipa wa papa. Inawezekana uliziba wiki ya pili, akiwa bado India, bila yeye kuhisi lolote. Vena nyingi huziba kimyakimya. Ndiyo maana nakuomba usifunge hesabu kwamba kuchoka kwake kunatokana na mshipa huo. Mzee wa miaka 64 anayesimama njiani akipanda Kadutu anaweza kuwa na damu kidogo, anaweza kuwa na moyo unaosukuma kwa udhaifu, au mapigo yanayokwenda ovyo, au ateri zake za zamani zimebana zaidi mahali pengine. Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu), elektrokadiogramu (mchoro wa mapigo ya moyo) na ekografia ya moyo vinapatikana hapa mjini kwetu, na vifanywe kwanza. Mmelipa safari ya Kigali na skaneri, lakini sijaona katika barua yako kwamba kuna mtu aliyepima damu yake.

Sasa nije kwa papa mwenyewe, na hapa sitaficha mawazo yangu.

Kilichonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni ile dawa ya kolesteroli mliyoiacha. Sigara inafuata. Nawaelewa: plaketi ya vidonge inanunuliwa kwa pesa ngumu, kipimo kinatoka kizuri, mtu anasema kazi imekwisha. Kipimo kilikuwa kizuri kwa sababu alikuwa anameza dawa. Akiacha, ndani ya wiki chache kolesteroli inarudi palepale. Na statini, ndiyo hiyo dawa ya kolesteroli, hairekebishi namba ya maabara tu, inatuliza ukuta wa mshipa wenyewe. Mwaka 1997 ulitolewa utafiti wa watu 1,351 waliokuwa na vena za pontaji. Kundi moja lilishushiwa LDL, ile kolesteroli mbaya, hadi karibu miligramu 95 kwa desilita, jingine liliachwa kwenye 135 hivi. Baada ya miaka minne na kitu, vena zilizozidi kuharibika zilikuwa 27% katika kundi la kwanza na 39% katika la pili. Utafiti huo huo ulijaribu pia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kipimo kidogo, haikusaidia vena kitu. Siku hizi tunashuka chini zaidi: mtu aliyepasuliwa kama papa tunataka LDL yake iwe chini ya 70, na waganga wa Ulaya wanataka chini ya 55. Kwa kawaida tunatumia atorvastatini ya miligramu 40 au 80, na ni ya maisha yote. Mkiwa na pesa ya dawa moja tu juu ya aspirini, nunueni hiyo kabla ya vitamini na dawa za kuongeza damu mnazouziwa barabarani.

Jambo moja kuhusu dawa hiyo ambalo hapa kwetu linasahaulika: eritromisini na klaritromisini zinaifanya statini ipande sana mwilini, misuli inauma na inaweza kuharibika. Papa akiandikiwa antibiotiki kwa kikohozi, aonyeshe orodha ya dawa zake kabla ya kulipa famasini.

Aspirini ameishika, na kwa hilo mumpe pongezi. Kuanza aspirini ndani ya saa 6 baada ya operesheni ni mojawapo ya mambo yaliyothibitika kwamba yanazuia vena kuganda, na kuendelea nayo kwa kipimo kidogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, kunalinda moyo wote. Kuna hospitali zinazoongeza dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda mwaka wa kwanza, klopidogreli au tikagrelo. Utafiti wa China wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba tikagrelo pamoja na aspirini ziliacha vena 88.7% wazi baada ya mwaka, wakati aspirini peke yake iliacha 76.5%. Bei yake ni kutokwa damu kirahisi zaidi. Angalieni kama papa aliandikiwa dawa ya pili na iliisha lini. Kama iliachwa kwa sababu ya kukosa pesa mwezi wa tatu, mganga wake anapaswa kulijua hilo. Asiifiche.

Diclofenac iondoke nyumbani. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu inauzwa kila kona na watu wanaiona kama dawa ya kawaida tu. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinakatazwa kabisa siku zinazofuata operesheni ya pontaji, kwa sababu zinaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Baadaye pia zinapandisha tansio, zinachosha figo, na zikichanganywa na aspirini zinachimba tumbo. Ibuprofeni ina ubaya mwingine: ikimezwa kabla ya aspirini inakaa mahali ambapo aspirini ingekaa kwenye chembe sahani, na aspirini inapita bila kufanya kazi. Kwa magoti atumie parasetamoli, isizidi gramu 3 kwa siku, na mafuta ya kuchua. Magoti yakizidi, yatibiwe na mtu anayejua kwamba ana pontaji.

Kuhusu sigara, mama yako ana haki katika jambo lenyewe, hata kama si kwa namna anavyolisema. Mbili tatu kwa siku si kidogo kwa vena iliyopachikwa. Kila sigara inabana mishipa, inafanya chembe sahani zishikane, inaumiza ule utando wa ndani. Waliofuatwa kwa miaka baada ya pontaji wameonyesha wazi kwamba wanaoendelea kuvuta wanarudi hospitalini na mashambulio ya moyo, na kurudi kupasuliwa, zaidi sana kuliko walioacha. Katika kazi yangu naona kwamba mzee akigombezwa anavuta nyuma ya nyumba. Mwulizeni ni saa ngapi anaitamani zaidi, mkae naye saa hiyo. Na watu wanaokuja kumtembelea wasivute mbele yake.

Hukuandika kama ana kisukari. Kama anacho, hemoglobini ya sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c, tunataka iwe karibu ya 7% au chini kwa mtu wa hali yake. Tansio tunaitafuta karibu na 13 kwa 8 (yaani 130 kwa 80), kama wauguzi wetu wanavyoisoma. Huko ndiko chakula kinakoingia. Makayabu, samaki wa chumvi, yana chumvi ambayo kuloweka mara moja hakuimalizi. Ayale kwa nadra, yakiwa yameloweshwa usiku kucha na maji kubadilishwa. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ni chakula kizuri kwake, za kuchemshwa au za kukaangwa kwa mafuta kidogo. Mawese karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha kolesteroli, kwa hiyo sombe (majani ya muhogo) ipikwe kwa kijiko badala ya kumiminia. Bugali haumdhuru kama kisukari hakipo na sahani si mlima.

Na ile mishipa miwili? Ule wa kifuani ukiwa wazi baada ya miezi 14, una nafasi kubwa sana ya kubaki wazi kwa miaka mingi, na ndio unaolisha ukuta wa mbele wa moyo, sehemu kubwa kuliko zote. Tangu mwaka 1986 inajulikana kwamba wenye mshipa huo kwenye ateri ya mbele wanaishi muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo habari njema katika skaneri yenu, na naona hakuna aliyewaambia. Vena ya pili imeshapita kipindi cha mwanzo cha hatari ya kuganda. Kinachoitishia sasa ni mafuta, yaani statini iliyoachwa, sigara na tansio, mambo yale yale matatu.

Kupasuliwa tena, kwa sasa, hapana. Operesheni ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza: kifua kina makovu, na ule mshipa wa kifuani unaofanya kazi vizuri unapita nyuma ya mfupa wanaotakiwa kuukata. Tunaiweka kwa watu wachache. Kuizibua vena iliyokwisha kuziba kabisa siku nyingi pia haipendekezwi, kwa sababu inaziba tena na takataka zake zinasukumwa chini kwenye mishipa midogo. Kama papa ana maumivu ya kifua ambayo dawa hazitulizi, au kipimo cha mazoezi kinaonyesha sehemu kubwa ya moyo inakosa damu, waganga hutafuta kuweka stenti, kijibomba cha waya kinachoshikilia mshipa uwe wazi, kwenye ateri yake mwenyewe ya kulia, siyo kwenye vena. Hilo linaamuliwa kwa angiografia, yaani picha ya mishipa. Kabla ya hapo kuna dawa za kupunguza mapigo na kulegeza mishipa, nazo zinawatosha wengi.

Lakini kuna hali ambayo haingoji ratiba. Akipata mbano kifuani unaozidi dakika 15 akiwa amekaa, jasho baridi, pumzi kukatika, atafune aspirini ya miligramu 300 kama hana mzio nayo na hatapiki damu, apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu saa hiyo hiyo, kwa gari, si kwa miguu wala kwa pikipiki. Usiku pia. Msingoje asubuhi mkidhani ni gesi ya tumbo.

Wiki hii, basi, nunueni statini na muirudishe, mfanye hemoglobini, kolesteroli, sukari na kreatinini (kipimo cha figo), mpige elektrokadiogramu na ekografia. Atembee kila siku kwenye njia tambarare kando ya ziwa kwanza, mlima wa Kadutu ungoje hadi matokeo yatoke. Mje mkiwa na ripoti ya operesheni, diski ya skaneri na plaketi zote za dawa anazomeza, pamoja na zile anazozinunua mwenyewe bila kuwaambia.